Ubongo na Kujiamini: Maneno Machache kwa Wadogo Zangu

Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu cha wanafunzi wa zamani, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wastaafu mliofika ingawa magoti yanalalamika, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi wadogo zetu mnaolala sasa katika mabweni yale yale tuliyolala sisi:

Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya mafanikio. Nilimjibu kwamba mafanikio siyajui vizuri. Mimi ni mtumishi wa serikali, na ngazi za mishahara yetu si siri. Nikaomba niseme juu ya kitu ambacho nimekijua kwa kukikosa miaka mingi, yaani kujiamini. Akakubali kwa sharti kwamba nisivuke nusu saa, maana wali umekwisha kuiva.

Nianze na kisa kisichonipa sifa.

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kazi, afisa mipango mdogo katika halmashauri moja iliyo mbali na huku kwetu. Tulikaa katika ukumbi kupitisha orodha ya vijiji vya kupewa fedha za maji. Kulikuwa na kijiji kimoja ambacho karatasi zilisema kina maji, kwa kuwa mabomba yalikuwa yamelazwa na vituo vya kuchotea vimejengwa kwa saruji safi. Mimi nilikuwa nimefika pale. Nilijua kwamba pampu ilikufa mwaka mzima uliopita, na akina mama walikuwa wamerudia kisima cha zamani, mwendo wa saa moja na nusu. Nilikuwa nimeyaandika hayo yote kwa mkono wangu, na jalada lilikuwa juu ya mapaja yangu. Mwenyekiti wa kikao akauliza kama kuna mwenye la kuongeza.

Mkono wangu haukunyanyuka. Moyo ulinidunda hadi nikadhani jirani yangu anausikia, ulimi ukanata juu ya kinywa, na zile tarakimu nilizozijua kama jina la mama yangu zikapotea. Ukimya ule ulidumu labda sekunde kumi. Kisha tukaambiwa orodha imepita, tukaenda kunywa chai.

Kijiji kile kilikosa fedha mwaka ule. Kikakosa na mwaka uliofuata, kwa sababu orodha mpya ilinakiliwa kutoka ile ya zamani. Nilipofika tena kule, bibi mmoja aliyekuwa akiteremsha ndoo kichwani alinitambua. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, yale uliyoyaandika yalifika?" Nikamjibu, "Bado yanashughulikiwa, bibi." Sijawahi kusema uongo unaonikera kuliko huo.

Sasa, wadogo zangu, nilikuwa na digrii ya Mlimani, nilikuwa na ushahidi, na sheria ilikuwa upande wangu. Nilikosa nini? Wengi watasema nilikosa ujasiri, kana kwamba ujasiri ni kiungo ambacho wengine huzaliwa nacho na wengine la. Mimi nilianza kusoma juu ya ubongo kwa sababu ya swali la bibi yule. Mimi si daktari, na mwalimu wa Bayolojia aliyekaa pale nyuma ana ruhusa ya kunisahihisha.

Lakini kwanza turudi mwaka 1993. Niliteremka kutoka Newala juu ya lori la mizigo, na sanduku la bati, kuja kuanza kidato cha kwanza. Mnajua hali ilivyokuwa: miaka saba umesoma kwa Kiswahili, ghafla Hesabu, Historia, Jiografia, vyote vikageuka Kiingereza. Wiki ya kwanza tuliambiwa kila mmoja asimame, aseme jina lake na anakotoka, kwa Kiingereza. Usiku kucha nilikuwa nimekariri sentensi yangu. Nikaanza vizuri, neno la tatu likakwama. Nikakimbilia Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kikatoka na lafudhi ya nyumbani: "Natokea chijiji cha..." Darasa zima likacheka. Sisi Wamakonde "ki" yetu ni "chi", sote tunajua, na waliocheka wengine walikuwa Wamakonde wenzangu waliofurahi kwamba zamu yao imepita salama. Kwa karibu miaka miwili sikunyoosha mkono tena darasani.

Aliyelala kitanda cha juu yangu aliteseka zaidi. Alikuwa bora kuliko mimi kwa hesabu, tena kwa mbali. Usiku baada ya prepu alinieleza aljebra kwa Kimakonde mpaka nikaiona. Asubuhi mwalimu akimtaja jina, alisimama kama mti. Hakuuliza asichokielewa, na mtihani wa kidato cha pili ukamtupa. Kidato cha tatu hakurudi. Hayumo katika hadhara hii, na huwa namkumbuka kila ninapopata barua ya mwaliko wa chama chetu.

Basi, kichwani kunatokea nini? Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, na ndani yake kuna seli za neva zipatazo bilioni 86. Ni sehemu ndogo ya mwili, asilimia 2 hivi ya uzito wetu, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu itokanayo na chakula. (Wapishi wa bwalo wasikie hapo.) Ule usemi wa kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo hauna msingi, unatumika wote.

Ndani kabisa, kila upande, kuna kifundo kidogo chenye umbo kama la lozi, nacho huitwa amigdala. Wataalamu wanatuonya tusikiite makao ya woga, kwani kina kazi nyingi. Hata hivyo kinahusika sana na kujifunza jambo gani ni la hatari, na somo hilo hushika upesi mno. Hapa ndipo maumbile yalipokuwa na akili: aliyeumwa na nyoka katika kichaka hahitaji kuumwa mara kumi ili aelewe. Tatizo ni kwamba kwa ubongo wa kijana wa miaka kumi na minne, kuchekwa na wenzake hamsini kunafanana mno na nyoka. Siku moja ilinitosha.

Baada ya hapo, kila hali iliyofanana na ile ya kusimama mbele za watu iliamsha hatua zile zile. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, damu huelekea kwenye misuli ili ukimbie au upigane, na mate hupungua, ndiyo maana ulimi unanata. Wakati huo huo, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kupanga maneno na kushika jambo moja wakati tunafikiri jingine, inabanwa. Sehemu hiyo haina nafasi kubwa hata siku ya amani. Inaweza kushika mambo kama manne tu kwa mara moja. Wasiwasi ukiingia unakaa hapo hapo, kama abiria mwenye mizigo mingi anayechukua viti viwili katika basi, na tarakimu zako zinabaki kituoni. Zile tarakimu zangu za maji zilikuwepo kichwani. Zilikosa kiti.

Kulijua hilo peke yake kulinipunguzia mzigo. Nilikuwa nimejiita mjinga na mwoga kwa miaka kumi na mitano, kumbe nilikuwa na ubongo uliojifunza somo moja vizuri kupita kiasi.

Je, somo hilo laweza kufutwa? Hapa elimu inatupa jibu ambalo sikulipenda mwanzoni. Woga uliojifunza mara nyingi haufutiki. Kinachotokea ni kwamba ubongo hujifunza somo la pili, la usalama, na somo hilo hulizima lile la kwanza. Tena somo la pili hushikamana na mahali ulipojifunzia. Ndiyo maana mimi niliweza kusema bila shida katika baraza la kijiji chini ya mwembe, nikawa bubu katika ukumbi wenye viti vya kuzunguka. Nilikuwa nimejifunza usalama chini ya mwembe tu. Basi mtu hana budi kujifunza upya katika kila ukumbi, na asishangae woga wa zamani ukirudi siku atakapohamishiwa kituo kipya. Watumishi wenzangu mnaohamishwa hamishwa mnanielewa.

Kabla sijafahamu hayo nilitafuta njia ya mkato. Nililipa fedha zangu kuhudhuria semina moja mjini, ya siku mbili, iliyoahidi kunipa kujiamini. Tulifundishwa kusimama mbele ya kioo na kupaza sauti kwamba sisi ni simba. Tulifundishwa pia kupanua miguu na kushika viuno kwa dakika mbili kabla ya kikao, eti kemikali za mwili hubadilika. Wakati ule dai hilo lilikuwa na heshima. Lilitokana na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia kwa watu wengi zaidi na hawakuona mabadiliko hayo ya kemikali, na mwaka 2016 Dana Carney, mmoja wa waandishi wa utafiti wa kwanza, alitangaza mwenyewe kwamba haamini tena kwamba jambo hilo lipo. Nilimheshimu sana kwa hilo. Kukana kazi yako mwenyewe hadharani, huko nako ni kujiamini. Kilichobaki ni kwamba wanaosimama hivyo hujisikia wana nguvu zaidi. Kujisikia na kuweza ni mambo mawili, na mimi nilitoka semina ile nikijisikia simba, nikaingia kikaoni Jumatatu nikanyamaza kama kawaida.

Tofauti hiyo ya kujisikia na kuweza inawahusu zaidi ninyi wanafunzi, kwa hiyo mnivumilie nikae hapo kidogo. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Kundi moja liliisoma habari mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kujaribu mara tatu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano tu, waliosoma mara nne walikumbuka zaidi, na ndio waliotabiri kwamba watakumbuka vizuri siku za mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40. Wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 61. Yaani wenye matumaini makubwa zaidi ndio waliopata kidogo. Sisi hapa tulikuwa mabingwa wa kusoma mara nne. Tulikesha na daftari, macho yakapita juu ya mistari mpaka ikazoeleka, tukadhani kuizoea ni kuijua. Kisha mtihani ukatuuliza kwa mlango wa nyuma. Funga daftari, andika unachokumbuka, fungua uone ulichokosa. Inaudhi, kwa sababu inakuonyesha ujinga wako kila siku, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo imani pekee unayoweza kuingia nayo katika chumba cha mtihani bila kujidanganya. Na usingizi msiukate. Ubongo huyapanga ya mchana wakati umelala.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchongaji huko Newala. Hakusoma kitabu chochote juu ya neva. Nilipotaka kujifunza kuchonga alinipa kipande cha mti laini na kuniambia nichonge mwiko. Nilichonga miiko kumi na kitu kabla hajanipa kazi nyingine, na mpingo nilikuja kuugusa mwaka wa tatu. Hakuwahi kuniambia, "Mjomba, wewe una kipaji." Nilipompelekea kazi aliigeuza kiganjani, akaweka dole gumba mahali tezo ilipoteleza, akanirudishia. Siku aliyonyamaza na kuuweka mwiko wangu pamoja na yake ya kuuza, nilitembea njiani kana kwamba barabara ni yangu.

Hicho ndicho alichokisema kwa maneno ya kitaalamu mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977: katika vyanzo vya mtu kuamini kwamba anaweza, kilicho na nguvu kuliko vyote ni kuwa amekwisha kufanya. Kinachofuata ni kumwona mtu kama yeye akifanya. Kutiwa moyo kwa maneno kumo, lakini hakushindi hivyo. Na wanaochunguza neva wamekuwa wakionyesha jinsi jambo hilo linavyoingia mwilini. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha majaribio waliyofanya Norway kwa ubongo wa sungura: kiungo kati ya seli mbili kikichochewa kwa nguvu mara nyingi, hubaki imara zaidi kwa muda mrefu. Wadogo zangu wa Newala wanazijua njia zinazoteremka bondeni ambako mama zetu walichota maji bomba lilipokatika. Hakuna aliyezichimba. Zilitokana na nyayo, na zisipokanyagwa misimu miwili nyasi huzimeza.

Na wakubwa wenzangu, tusijitoe. Huko London waliofunzwa udereva wa teksi hutakiwa kukariri mitaa ipatayo 25,000. Eleanor Maguire na mwenzake waliwapima wanafunzi hao mwanzo wa mafunzo na tena baada ya miaka michache, wakatoa matokeo mwaka 2011. Waliofaulu walikuwa wameongezeka ukubwa katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu ya mahali. Walioshindwa hawakuongezeka. Hao ni watu wazima, wenye wake na watoto.

Watu husema marehemu Mzee Benjamin Mkapa alizaliwa na ulimi ule. Mtoto wa Lupaso, hapa hapa Masasi, aliyezaliwa mwaka 1938! Alisoma Kiingereza Makerere akamaliza mwaka 1962, akawa mhariri wa The Nationalist na baadaye Daily News, kazi ambayo kila siku jioni maneno yako yanasahihishwa na kila asubuhi nchi nzima inayasoma. Ulimi ule ulichongwa. Nawaambia hivyo kwa sababu sisi wa Kusini tuna ugonjwa wa kudhani wenzetu wa kaskazini wamepewa kitu tulichonyimwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulivuka Rufiji kwa kivuko, na mvua ikinyesha sana tulibaki ng'ambo. Tuliwafikia wengine tukiwa tumechelewa na tuna vumbi, na tukaanza kuamini kwamba vumbi ni rangi yetu.

Sasa nimalize habari ya kijiji. Nilijiwekea kazi ndogo. Katika mikutano ya idara yetu, tuliokuwa watu saba, niliazimia kuuliza swali moja kila mara, lililoandikwa kwenye karatasi ili lisitegemee kiti kile kilichokaliwa na wasiwasi. Mara ya kwanza nililisoma kama tangazo la msiba. Baada ya miezi mitatu hivi niliweza kuuliza bila karatasi. Kisha nikaomba kusoma taarifa katika kamati, watu kumi na tano. Nilijifunza pia kutobishana na moyo wangu. Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia wamesisimka kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unaokwenda mbio ni vigumu kuutuliza kwa amri. Kuupa jina jingine ni rahisi zaidi. Mimi huuambia, "Haya, twende." Sijui kama ni sayansi hiyo au ni mazoea, lakini huwa tunakwenda.

Mwaka wa tatu baada ya ukimya wangu, orodha ile ililetwa tena ukumbini. Nikanyoosha mkono. Sauti ilitetemeka, karatasi ikatetemeka, na nilitamka "chijiji" mbele ya ukumbi mzima. Nikaeleza juu ya pampu, tarehe niliyofika, na mwendo wa kwenda kisimani. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti alisema, "Haya, rekebisheni," tukaendelea na ajenda ya barabara. Miaka mitatu ya kukosa usingizi, na jibu lake lilikuwa maneno mawili.

Pampu ilifungwa mwaka uliofuata. Kwenye uzinduzi sikwenda, maana sikujua nitamwambia nini bibi.

Kwa walimu nina ombi moja, nalo nalisema kwa adabu. Mtoto anaposimama akakwama, yale yatakayofuata katika nusu dakika ile yanaweza kukaa naye miaka kumi na mitano. Mwalimu anayesema "Malizia kwa Kiswahili, kisha tutalitafuta pamoja kwa Kiingereza" hajapoteza muda wa kipindi. Na ninyi viranja, kicheko cha darasa kiko chini yenu zaidi kuliko chini ya mwalimu.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Baada ya chakula nitakaa pale kwenye benchi nje ya maktaba hadi basi la Newala litakapoondoka. Mwanafunzi mwenye swali aje, awe peke yake au na mwenzake, aulize kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kimakonde, kwa Kimakua au kwa Kiyao. Cha Kiyao nitahitaji mkalimani.